Adui Mwenye Sura Nyingi

Tulikuwa Musoma, katika duka dogo la dawa lililo karibu na mwalo, alipoingia mvuvi mmoja, macho mekundu, shuka begani ingawa jua lilikuwa kali. Alitaka dawa ya mseto. Muuzaji alipomtajia bei, yule ndugu alinyamaza kidogo, akahesabu fedha zake, kisha akasema, "Nikatie nusu, kaka. Nyingine nitaifuata kesho nikipata samaki." Muuzaji akashika mkasi akakata. Vidonge 12 kati ya 24 vikaingia katika mfuko wa shati, naye mvuvi akaenda zake kulala.

Hatumtaji mvuvi huyo wala duka hilo, maana jambo lenyewe si la mtu mmoja. Twajua kwamba mambo kama hayo hutendeka Bunda siku za gulio, hutendeka Butiama, hutendeka katika mashimo ya dhahabu ya Buhemba ambako mtu hawezi kuacha kazi siku tatu kwa ajili ya homa. Wala hatuna haja ya kumlaumu mtu aliyekuwa na fedha za nusu akanunua nusu. Twataka tu kueleza vile vidonge 12 vilivyobaki dukani vina maana gani kwa majirani zake, kwa watoto wetu, na kwa dawa yenyewe.

Wengi wetu tumelelewa tukidhani kwamba malaria ni kitu kimoja: mbu mmoja, kijidudu kimoja, homa moja, na dawa moja. Hata shuleni tulichorewa ubaoni mbu mmoja tu, mkia juu, nasi tukamwiga katika madaftari yetu tukapata alama. Mchoro ule haukuwa wa uongo, lakini ulikuwa pungufu sana. Ukweli ni kwamba adui huyu ana sura nyingi kuliko umati wa watu uwanjani, na nguvu zake zimo katika wingi huo wa sura.

Kijidudu kinachoua watu zaidi katika nchi yetu huitwa Plasmodium falciparum. Katika mwaka 1973, kama ungalimwuliza mtaalamu kwa nini mtoto wa Bunda augue malaria leo, apone, kisha augue tena baada ya wiki sita kama mtu asiyepata kuumwa kamwe, angalikujibu kwa kukisia. Leo twajua zaidi. Mwaka 2002 wataalamu wa nchi mbalimbali walimaliza kuzisoma chembe zote za urithi za kijidudu hicho, zile ambazo siku hizi huitwa jeni. Waliziona zimepangwa katika nyuzi 14, nazo ni kama 5,300. Miongoni mwao ziko kama 60 ambazo kazi yake, tukisema kwa lugha ya fundi cherehani, ni kumshonea kijidudu kanzu. Huvaa moja kwa wakati mmoja. Damu ya mtoto inapoanza kuitambua kanzu hiyo na kumshambulia mvaaji, wapo wenzake ambao wamekwisha kubadili, nao huendelea kuzaana kana kwamba ni wageni. Na kanzu za kijidudu cha jirani si zile zile za kijidudu cha hapa.

Ndiyo maana kinga ya malaria huja polepole, tena kwa gharama kubwa. Mtoto wa ukanda wa ziwa huugua mara nyingi, na wengine hufa, kabla damu yake haijapata kuzizoea sura za kutosha. Na ndiyo maana kijana aliyeondoka Butiama kwenda kusoma mahali pa baridi miaka mingi, akirudi likizo, huanguka kitandani kama mzungu aliyeshuka jana melini. Watu humcheka wakisema amekuwa mtu wa mjini. Kwa kweli damu yake imesahau.

Hata chanjo imekutana na jambo hili. Chanjo iitwayo RTS,S, ambayo ilijaribiwa pia Korogwe na Bagamoyo kabla Shirika la Afya Duniani halijaipitisha mwaka 2021, ilitengenezwa kwa mfano wa kijidudu cha namna moja. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba katika watoto wa miezi 5 hadi 17, katika mwaka wa kwanza, chanjo ilizuia kama nusu ya malaria iliyoletwa na vijidudu vilivyofanana na ule mfano, lakini kwa vile visivyofanana ilizuia theluthi moja tu. Chanjo ni njema, na mzazi aletewaye asiikatae. Lakini tofauti hiyo ya nusu na theluthi yatosha kutuonyesha kwamba twapigana na kundi, wala si na mmoja.

Sasa yaja jambo ambalo watu wengi hatukupata kuambiwa. Vijidudu hivi vikiwa ndani ya mwili wa mtu huongezeka kwa kugawanyika tu, kila kimoja kikitoa nakala zake. Lakini vikifyonzwa na mbu, tumboni mwa mbu huoana, dume na jike. Mbu ndiye nyumba yao ya arusi. Basi ikiwa mtu mmoja ana vijidudu vya koo mbili katika damu yake, na katika sehemu zenye malaria nyingi mtu huweza kuwa na koo tatu au nne kwa wakati mmoja bila kujijua, mbu atakayemwuma atawaozesha hao wa ukoo huu na wa ukoo ule, na watoto wao watakuwa na mchanganyiko ambao haukuwako. Hayo hayakukisiwa tu. Yalithibitishwa hapa hapa nchini, katika kijiji cha Michenga, bonde la Kilombero, ambako Bwana Babiker, Bwana Walliker na wenzao waliwakamata mbu majumbani, wakautazama uzao wa vijidudu matumboni mwao, mmoja mmoja, wakaona kwamba vijidudu vya koo mbalimbali huoana bila kuchagua. Taarifa yao ilitoka mwaka 1994.

Kwa hiyo mahali palipo na malaria nyingi pana arusi nyingi, na palipo na arusi nyingi pana sura mpya kila msimu. Malaria ikipungua, mbu humkuta mtu mwenye ukoo mmoja tu, na vijidudu huoana ndugu kwa ndugu, sura hupungua. Wataalamu hutumia jambo hilo kama mizani: wakipima damu ya watu wa mahali na kukuta sura chache, hujua kwamba vita vinaendelea vizuri hata kabla hesabu za wagonjwa hazijawafikia.

Mizani yetu ya Mara bado nzito. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria walikuwa 8 katika kila 100 kwa nchi nzima. Katika mkoa wa Mara walikuwa 15. Miaka ya 2007 na 2008 hesabu ya nchi nzima ilikuwa 18, kwa hiyo hatusemi kwamba hapana kazi iliyofanyika. Twasema tu kwamba sisi wa huku tumo nyuma ya wenzetu, na kuficha hesabu hiyo hakuponyi mtoto.

Turudi kwa yule mvuvi. Mtu mzima hupewa vidonge vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Baada ya nusu dozi homa hushuka, na mgonjwa hujiona mzima. Vijidudu dhaifu vimekufa. Waliobaki ndio wale waliokuwa na namna fulani ya kuvumilia, na sasa wana damu yote kuwa yao, hawana mshindani. Akija mbu usiku, ni hao tu atakaowachukua. Nusu dozi, basi, ni kama mkulima anayeyapalilia magugu.

Nchi yetu ina kumbukumbu ndefu na chungu ya jambo hili. Katika miaka ya 1950, wakati wa Tanganyika ya wakoloni, watu waligawiwa pairimethamini ili kujikinga, na haukupita muda mrefu. Mwaka 1954 madaktari Clyde na Shute walikuwa wamekwisha kuandika kwamba vijidudu vya Afrika Mashariki vimeizoea. Ikabaki klorokwini, dawa ambayo wazee wetu waliijua kwa uchungu wake na kwa mwasho wake, dawa ya bei ndogo iliyookoa roho nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Nayo ikachoka. Usugu ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini tuliendelea kuinywa kwa miaka ishirini zaidi, na katika miaka hiyo watoto wengi walizikwa wakiwa wamemeza dawa. Mwaka 2001 serikali iliiondoa ikaleta SP. SP haikumaliza hata miaka sita. Mwishoni mwa 2006 ikapisha dawa ya mseto, yaani dawa mbili ndani ya kidonge kimoja: artemeta, ambayo huua haraka, na lumefantrini, ambayo hubaki nyuma ikifagia.

Mseto ndio tulio nao hata sasa. Na ndio unaojaribiwa.

Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba Rwanda vimeonekana vijidudu vyenye badiliko dogo katika chembe ya urithi iitwayo kelchi 13, badiliko linalovifanya visife upesi vikikutana na artemeta na jamaa zake. Jambo la kushtusha ni kwamba badiliko hilo halikuletwa kutoka Asia, ambako usugu wa namna hiyo ulijulikana tangu zamani. Lilizaliwa huko huko Rwanda. Mwaka 2021 ikasikika habari kama hiyo kutoka kaskazini mwa Uganda, kwa mabadiliko mengine yaliyozaliwa peke yake. Mwaka huo huo wa 2021 ilichukuliwa damu katika mikoa mbalimbali ya Tanzania, na katika mkoa wa Kagera karibu vijidudu 8 kati ya kila 100 vilikutwa na badiliko lile la Rwanda. Katika wilaya ya Karagwe peke yake vilikuwa zaidi ya 20. Mwaka uliofuata wagonjwa wa Karagwe walifuatwa kwa karibu baada ya kupewa mseto, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa bado na vijidudu siku ya tatu.

Tusieleweke vibaya. Mseto bado unaponya, hata huko Karagwe. Ile dawa ya pili ndiyo inayomalizia kazi. Mtu asije akasoma makala hii akatupa vidonge vyake, au akaenda zahanati kudai sindano kana kwamba sindano ni cheo. Lakini dawa yenye miguu miwili ikiumia mguu mmoja, mzigo wote huegemea mguu uliobaki, na mguu huo ukivunjika hatujui tutasimama juu ya nini. Kutoka Bukoba mpaka Musoma ni maji tu katikati. Wavuvi wa dagaa huhama kisiwa kwa kisiwa wakifuata giza la mwezi, na hakuna afisa wa forodha anayeweza kukagua damu ya mtu.

Malawi inatupa funzo la kutia moyo kidogo. Wao waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Vijidudu sugu, vilipokosa dawa iliyokuwa ikivipa nafasi, vilishindwa kushindana na vile vya kawaida vikatoweka, na jaribio la mwaka 2005 likaonyesha kwamba klorokwini imerudi kuponya karibu kila mtoto aliyepewa. Usugu, kumbe, ni mzigo kwa mwenye kuubeba. Hubebwa tu pale unapolipwa. Sisi ndio tunaolipa, kwa vidonge tunavyokata nusu.

Hapa pana swali ambalo fundi mmoja wa reli alipata kutuuliza, nalo lilikuwa swali la akili. Mtoto akimaliza dozi, kisha baada ya wiki tatu akaugua tena, mtajuaje kama dawa imeshindwa au kama ameumwa na mbu mwingine? Zamani hapakuwa na jibu. Siku hizi tone la damu huchukuliwa siku ya kwanza likakaushwa juu ya karatasi, na tone jingine siku anaporudi, na sura za vijidudu hulinganishwa kwa chembe zake za urithi. Kama ni wale wale, dawa imeshindwa. Kama ni wengine, dawa ilifanya kazi yake na chandarua ndicho kilichoshindwa. Tazameni basi jinsi wingi ule wa sura, ulio silaha ya adui, unavyogeuzwa kuwa alama ya kumkamatia. Lakini kipimo hicho chataka mzazi arudi zahanati siku aliyoambiwa hata kama mtoto anacheza. Wengi hawarudi. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humwumbua. Na hapa anayefichwa si mgonjwa tu, ni habari ya ugonjwa wa mkoa mzima.

Iko na hila nyingine ya kijidudu. Vipimo vya haraka vinavyotumika katika zahanati hutafuta protini moja ambayo kijidudu huitoa. Wamezuka vijidudu walioipoteza chembe inayoitengeneza protini hiyo. Kipimo huwatazama kisiwaone, na mgonjwa huambiwa hana malaria. Eritrea ilipatwa sana na jambo hilo hata ikalazimika mwaka 2016 kubadili vipimo vyake. Kwetu waliokutwa ni wachache. Wachache leo, twasema, maana tumekwisha kuona wachache wanavyozaana.

Na mbu je? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mbu mkuu wa malaria katika Afrika, Anopheles gambiae, ni mbu mmoja. Lakini tabia zake zilikuwa zikiwachanganya wataalamu: mara alale ndani ya nyumba, mara nje, mara aume watu, mara ng'ombe, mara azalie maji matamu, mara ya chumvi. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Bwana Davidson wa London na Bwana Paterson waliwaozesha mbu wa sehemu mbalimbali za Afrika, wakaona kwamba watoto wa kiume wa ndoa hizo ni tasa, kama vile baghala azaliwaye na punda na farasi. Basi hawakuwa mbu mmoja; walikuwa jamii ya mbu wafananao sura kabisa, hata kwa kioo cha kukuzia huwezi kuwatenga. Mmoja alibaki na jina la gambiae. Mwingine akaitwa arabiensis.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Gambiae hupenda damu ya mtu, huuma usiku wa manane, hupumzika ukutani ndani ya nyumba. Huyo chandarua na dawa-ukoko humpata. Arabiensis hana ugomvi na ng'ombe. Akimkosa mtu humwendea ndama zizini, na hupumzika nje. Upuliziaji wa dawa-ukoko ulianza Muleba na Karagwe mwaka 2007, ukaja baadaye mpaka Mwanza na kwetu Mara, na popote ulipofanywa vizuri kando ya ziwa gambiae alipungua na arabiensis akawa ndiye mwenye mji. Mfugaji wa Bunda anayelaza ng'ombe mlangoni pake na kuota moto nje mpaka saa nne za usiku hujiweka mahali pale pale arabiensis anapotafuta chakula. Naye funestus, ambaye hakuwamo kamwe katika jamii ile, hupenda maji ya kudumu yenye majani, kama matete ya Mto Mara kabla haujamwaga maji yake ziwani. Mvua zikiisha na madimbwi ya kwato za ng'ombe yakikauka, watu husema mbu wamekwisha. Funestus hajakwisha.

Na mbu hawa nao hubadilika. Jamii ya dawa inayotiwa katika vyandarua, iitwayo pairethroidi, huua kwa kugonga mlango fulani katika mishipa ya fahamu ya mbu. Mwaka 2000 wataalamu waliandika kutoka magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu, kwamba wameona gambiae ambao mlango huo umebadilika kidogo, dawa ikawa haishiki. Vyandarua vilipoenea, mbu hao nao wakaenea, na badiliko hilo likaonekana nchini kwetu pia. Hii ndiyo sababu dawa ya kupulizia majumbani ilibadilishwa zaidi ya mara moja, na ndiyo sababu vyandarua vya siku hizi hutiwa dawa ya pili. Mwananchi aliyeuliza, "Mbona kila mara mwaleta dawa mpya, au ile ya kwanza ilikuwa ya uongo?" alistahili kupewa jibu hili siku ile ile.

Mwaka 2017 ilichapishwa kazi kubwa ya kusoma chembe za urithi za mbu 765 kutoka sehemu 15 za Afrika. Zilionekana tofauti zaidi ya milioni 50 kati ya mbu na mbu. Mbu ni miongoni mwa viumbe wenye aina nyingi za urithi duniani, na kila dawa tunayobuni yawezekana yuko mbu mahali fulani ambaye tayari ana jibu lake. Kazi hiyo iliendelea, na mbu wa Muleba, Muheza, Moshi na hata wa Tarime, wilaya ya mkoa huu huu, wakaingizwa baadaye.

Tumesema habari za kijidudu na mbu. Yuko wa tatu, naye ni sisi.

Katika miaka ya 1950 daktari mmoja, Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alikuwa akijiuliza kwa nini ugonjwa wa selimundu, unaoua watoto, haujafutika katika Afrika. Mtoto aliyepokea chembe ya selimundu kwa baba na kwa mama huugua sana. Aliyepokea kwa mmoja tu haugui. Mwaka 1954 Allison aliandika kwamba huyu wa pili hulindwa na malaria. Kisha akaleta ushahidi wa hesabu, na ushahidi huo ulitoka wilaya ya Musoma. Katika watoto wachanga 287, wasio na selimundu walikuwa 189, wenye chembe moja 89, na wenye mbili 9. Katika watu wazima 654, wasio nayo walikuwa 400, wenye moja 249, na wenye mbili 5.

Zitazameni hesabu hizo polepole. Katika watoto, wenye chembe moja walikuwa 31 kwa 100. Katika wazima, 38. Wenye mbili walishuka kutoka 3 kwa 100 mpaka chini ya 1. Hao hawakuhama Musoma. Walikufa. Na wale wasio na chembe yo yote walipungua kutoka 66 mpaka 61 kwa 100, maana malaria iliwachukua zaidi kuliko wenzao. Hesabu za kijiji chenye makaburi ya watoto ndizo zilizothibitisha jambo ambalo limo leo katika vitabu vya wanafunzi wa elimu ya viumbe tangu Japani hadi Marekani.

Jambo hilo halijapita. Damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini-magharibi zilipimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018: mmoja katika kila watano ana chembe moja ya selimundu, na zaidi ya mmoja katika kila mia ana mbili. Vijana wanaotaka kuoana katika mkoa huu wana haki ya kujua damu zao, na mzazi ambaye mtoto wake huvimba vidole na kulia usiku asipotezwe njia kwa maneno ya uchawi.

Lakini tuna neno kwa wakubwa pia. Tumepata kuketi juu ya benchi la zahanati ambayo mseto wa watu wazima ulikuwa umekwisha, na wagonjwa wakaandikiwa karatasi ya kwenda dukani. Mtu akiambiwa amalize dozi, kwanza dozi iwepo. Na chandarua kinachoonekana kikianikia dagaa au kikizungushiwa mchicha, mara nyingine kilikuwa kimetoboka siku nyingi bila mwenyewe kuletewa kingine. Wenyeviti wa vijiji, na viongozi wa wafanyakazi katika vinu vya pamba na viwanda vya samaki, waulize kwa maandishi ni dozi ngapi zilizopokewa na ni ngapi zilizobaki, na wenye dhamana wajibu.

Na neno la mwisho ni hili. Wataalamu huja. Huchoma kidole, hukausha tone la damu juu ya karatasi, huondoka. Damu hiyo husomwa Dar es Salaam na ng'ambo, na majibu hutoka kwa Kiingereza katika majarida ambayo mvuvi wa Musoma hatayaona. Wale 654 wa miaka ya 1950, ni wangapi walipata kuambiwa damu yao ilifundisha nini? Ni wangapi kati ya wajukuu wao wanajua leo? Hatusemi watu wakatae kuchomwa kidole, wasikatae. Twasema majibu yarudi, kwa Kiswahili, yabandikwe katika ukuta wa zahanati ile ile ilikotoka damu: vijidudu vya Bunda vina badiliko lile la Karagwe au havina, mbu wa Butiama hufa kwa dawa ya chandarua au hawafi. Karatasi moja yatosha, na gundi.

Yule mvuvi hatujui kama alirudi kesho yake. Tulipopita tena pale dukani, nusu ile ilikuwa bado juu ya rafu, imekatwa kwa mkasi, vidonge 12.